Kuchora Sura ya Chui kwa Penseli za Rangi, Hatua kwa Hatua

Kila ninapoonyesha mchoro wa mnyama wa porini uliofanywa kwa penseli za rangi, maswali ninayoulizwa huwa ni yale yale: manyoya yanachorwaje bila mtu kukata tamaa njiani, masharubu meupe yanakaaje juu ya manyoya meusi, na kwa nini rangi hufika mahali ikakataa kabisa kushika kwenye karatasi. Nimeyajibu kwa vipande vipande mara nyingi, kwa hiyo hapa nimeyakusanya pamoja, nikitumia sura ya chui kama mfano, kwa kuwa uso wake umebeba karibu kila kitu kinachomsumbua anayeanza: jicho linalong'aa, pua yenye unyevu, manyoya mafupi na marefu, weupe, weusi, madoa na masharubu. Atakayemmudu chui hatapata taabu kubwa kwa simba, duma au pundamilia.

Lipo jambo moja ambalo ni lazima lieleweke kabla ya mengine. Karatasi inayofaa kwa kazi hii si laini kama kioo. Ina vibonde vidogo sana, na hivyo ndivyo vinavyokwangua rangi kutoka kwenye ncha ya penseli na kuishika. Ukikandamiza penseli tangu mwanzo, vibonde hujaa katika tabaka la pili au la tatu, na baada ya hapo penseli huteleza tu. Ukigusa kwa mkono mwepesi, karatasi ile ile itapokea tabaka kumi na zaidi. Sehemu kubwa ya maelekezo yafuatayo ni njia mbalimbali za kuvilinda vibonde hivyo mpaka mwisho wa kazi.

Vitu vya kuandaa

Mchagua jembe si mkulima, lakini katika kazi hii kuna majembe mawili ambayo hayana budi kuchaguliwa kwa makini, yaani penseli na karatasi. Mengine yote yana mbadala.

- Penseli za rangi za wachoraji, si zile za watoto wa shule, ambazo zina rangi kidogo na kijazio kingi. Zipo zenye kiini cha nta, kama Prismacolor Premier na Caran d'Ache Luminance, ambazo ni laini na hufunika haraka. Zipo zenye kiini cha mafuta, kama Faber-Castell Polychromos, ambazo ni ngumu kidogo na huhifadhi ncha kali kwa muda mrefu. Kwa manyoya mimi hupendelea za mafuta. Huhitaji seti nzima ya rangi 120. Penseli 20 hivi zilizochaguliwa vizuri zinatosha kwa chui: nyeupe, krimu, manjano ya udongo, kahawia za aina tatu au nne, kijivu cha joto na kijivu cha baridi, nili, zambarau hafifu, kijani cha zeituni, waridi iliyofifia, nyeusi, na chache za mandharinyuma.
- Karatasi nzito. Karatasi ya rangi za maji yenye uso laini na uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba ni chaguo salama. Karatasi ya kuchapishia haifai hata kwa mazoezi, kwa sababu itakufundisha kukandamiza.
- Kichongeo kizuri. Nasisitiza neno kizuri.
- Kifutio cha kufinyanga, kile laini kama donge la unga, kwa ajili ya kunyanyua rangi badala ya kuisugua.
- Penseli ya kawaida ya H, rula, na karatasi ya kunakilia ukiipenda.
- Kalamu ya wino iliyokwisha, au sindano nene ya kufumia yenye ncha butu.
- Wembe au kisu kidogo cha karatasi.
- Brashi laini na kavu ya kufagilia chembe za rangi. Usizipulize kwa mdomo: tone moja la mate huacha alama isiyotoka.
- Karatasi safi ya kuwekea mkono, ili jasho na mafuta ya ngozi yasiguse mchoro.

Kabla ya kununua, angalia alama za uimara wa rangi dhidi ya mwanga, ambazo watengenezaji wengi huzichapisha kwa nyota au herufi kwenye penseli au kwenye orodha ya rangi. Baadhi ya rangi za waridi na zambarau hupauka haraka zaidi kuliko nyingine, na ndizo utakazozitumia kwenye pua na kwenye vivuli vya manyoya meupe.

Hatua ya 1: Chagua picha ya kuigia

Tafuta picha kubwa na kali, ambayo ukiikuza unaona unyoya mmoja mmoja kwenye paji la uso na unaweza kutofautisha mboni na duara la rangi linaloizunguka. Mwanga utoke upande mmoja. Picha iliyopigwa jua likiwa utosini, au kwa taa ya kamera kutoka mbele, hufuta vivuli vyote na kukuachia uso bapa. Kama hukuipiga wewe, pata ruhusa ya mwenyewe, hasa ikiwa unakusudia kuonyesha au kuuza mchoro.

Tengeneza pia nakala ya picha hiyo isiyo na rangi, yaani nyeusi na nyeupe tu, na uiweke kando ya ile ya rangi. Utaitazama zaidi ya unavyodhani. Uso wa chui hutambulika kwa giza na mwanga kabla haujatambulika kwa rangi, na mtu aliyekosea kahawia lakini akapatia giza atasamehewa, ilhali aliyepatia kahawia na kukosea giza hatasamehewa.

Hatua ya 2: Hamisha umbo

Njia ya miraba ndiyo rahisi zaidi. Ikiwa picha yako ina sentimita 10 kwa 15, ichore miraba ya sentimita 1. Kwenye karatasi pima eneo la sentimita 20 kwa 30 na ulichore miraba ya sentimita 2. Kisha nakili kilichomo katika kila mraba, ukianza na macho, halafu pua, halafu mdomo, na mzingo wa kichwa mwisho. Kunakili kwa karatasi ya kunakilia si udanganyifu, ingawa nakushauri uizoee miraba kwanza, kwa kuwa inalifundisha jicho kupima.

Onyo: chora kwa mkono mwepesi sana, na kabla ya kuweka rangi mahali popote, gusagusa mistari ya penseli ya kawaida kwa kifutio cha kufinyanga mpaka ibaki kama kivuli. Mstari mweusi ulionaswa chini ya krimu au manjano hautoki tena, na utachafua kila tabaka litakalofuata.

Hatua ya 3: Weka ramani ya manyoya

Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayotofautisha chui na mto wa kochi wenye madoa. Chukua nakala nyingine ya picha na uchore juu yake mishale midogo inayoonyesha manyoya yanaelekea wapi. Utaona kwamba kwenye mfupa wa pua ni mafupi mno na hupanda kuelekea paji la uso, kwenye paji hutawanyika kama upepo, chini ya jicho hukimbilia pembeni, kwenye mashavu hurefuka na kupinda kuelekea nyuma na chini, kidevuni huning'inia. Ramani hiyo ikae mbele yako mpaka siku ya mwisho.

Hatua ya 4: Bonyeza masharubu kabla ya rangi

Hapa ndipo penye jibu la lile swali la masharubu meupe. Karatasi ikiwa bado safi, chukua kalamu iliyokwisha wino na uchore kila sharubu kwa kubonyeza, kwa mkono mmoja usiosita, kutoka kwenye shina hadi nchani, ukipunguza nguvu kadiri unavyokaribia mwisho. Hutaona kitu isipokuwa mfereji mdogo ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Baadaye penseli itakapopita juu, itavuka mfereji huo bila kuingia ndani, na sharubu litajitokeza lenyewe likiwa jeupe. Fanya hivyo hivyo kwa nywele ndefu nyeupe za juu ya macho na zile zilizomo ndani ya masikio.

Masharubu ya chui hayaoti ovyo. Hutoka kwenye safu za vidoa vyeusi vilivyo juu ya mdomo. Weka alama za vidoa hivyo kwanza. Fanya majaribio kwenye kipande cha karatasi ile ile, kwa sababu mfereji uliobonyezwa mahali pasipo pake haufutiki. Ninaye chui mmoja kabatini mwenye sharubu linalotokea chini ya jicho, na kila ninapomtazama hakuna kingine ninachokiona.

Hatua ya 5: Macho

Anza na macho, hata kama mikono inakuwasha kuchora madoa. Macho yakikataa, umepoteza saa mbili. Ukiyaacha mwisho na yakakataa, umepoteza wiki nzima.

Kwanza zungushia nukta ya mwanga na uiache ikiwa karatasi tupu. Paka duara lote la rangi kwa krimu, kisha kwa manjano ya udongo, ukisogeza penseli kwa vizunguko vidogo ili pasionekane mistari. Ongeza kijani cha zeituni kwenye ukingo wa nje. Sasa chonga penseli ya kahawia mpaka iwe kali kabisa, na uvute mistari mifupi kutoka kwenye mboni kwenda nje, mingine mirefu, mingine mifupi, kama miali isiyolingana. Sehemu ya juu ya duara ni lazima iwe nyeusi zaidi kuliko ya chini, kwa kuwa ukope wa juu huangusha kivuli juu ya jicho. Bila kivuli hicho mnyama ataonekana kama ameshtuliwa.

Mboni ya chui ni ya mviringo, si ufa uliosimama kama wa paka wa nyumbani. Usianze na nyeusi. Weka nili, juu yake kahawia iliyokolea, kisha nyeusi, halafu rudia nili. Weusi uliojengwa hivyo una kina, ilhali nyeusi peke yake hubaki kama tundu lililotobolewa kwa msumari. Kingo nyeusi zinazolizunguka jicho nazo zifuate njia hiyo, ukikumbuka kwamba ukingo wa chini una unyevu na hushika mstari mwembamba wa mwanga. Malizia kwa kugusa nukta ya mwanga kwa buluu hafifu upande mmoja, kwa sababu kwa kawaida huakisi anga, na uiache iliyobaki nyeupe.

Hatua ya 6: Pua na mdomo

Pua haina manyoya, hivyo isichorwe kwa mistari bali kwa vizunguko vidogo na nukta. Anza na waridi iliyofifia, ongeza kahawia kuelekea kwenye matundu, na uache sehemu ya juu ikiwa na weupe uliovunjika vunjika, kwani huo ndio unaoonyesha unyevu. Matundu ya pua hujengwa kama mboni. Mstari wa mdomo usiwe na unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 7: Manyoya, kutoka mepesi hadi mazito

Gawa uso katika maeneo yenye ukubwa wa kiganja cha mtoto na umalize moja kabla ya kuhamia jingine. Katika kila eneo fuata mpangilio huu:

a) Tabaka la msingi la krimu, jepesi sana, likifuata ramani ya manyoya.

b) Manjano ya udongo, kwa mistari mifupi yenye nafasi kati yake. Anzia pale unyoya unapotoka kwenye ngozi na uinyanyue penseli kabla mstari haujaisha, ili ncha yake iwe nyembamba kuliko shina.

c) Kahawia ya wastani katika zile nafasi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanadhani wanachora manyoya, ilhali wanachotakiwa kuchora ni vivuli vilivyo kati ya manyoya. Unyoya unaong'aa ni ile sehemu uliyoiacha.

d) Kahawia iliyokolea, kwenye vivuli vya ndani kabisa tu, penseli ikiwa imechongwa upya. Chonga kila baada ya mistari ishirini au thelathini. Ndiyo, inachosha.

e) Rudi na krimu au manjano ya udongo juu ya yote, kwa mkono mwepesi, ili kuyaunganisha matabaka. Angalia kama giza linalingana na ile nakala isiyo na rangi. Kama halijafika, rudia c na d.

Mistari isiwe na urefu mmoja, na isisimame sambamba kama askari kwenye gwaride. Manyoya hujikusanya katika vishungi vidogo vinavyopandana, viwili vitatu vikielekea huku na kimoja kikikata kwenda kule.

Hatua ya 8: Madoa na sehemu nyeupe

Madoa yaliyoundwa kama ua lenye uwazi katikati yako mwilini. Kwenye paji la uso na mashavuni chui ana madoa yaliyojaa, madogo, yaliyopangika katika safu. Usichore mzingo na kuujaza. Doa ni manyoya meusi yaliyoota miongoni mwa manyoya ya dhahabu, kwa hiyo lijenge kwa mistari mifupi ile ile, katika mwelekeo ule ule, kingo zake zikiwa zimechanika, na manyoya machache ya dhahabu yakiingia ndani yake. Weusi wake, kama kawaida, utokane na nili na kahawia iliyokolea kabla ya nyeusi.

Weupe wa kidevuni na chini ya macho si karatasi tupu wala si penseli nyeupe. Ni kijivu cha baridi, zambarau hafifu na krimu kidogo, vikiwekwa kwenye vivuli tu, na mwanga ukiachwa. Ukifinya macho na kulinganisha na karatasi halisi, utashangaa kuona jinsi sehemu kubwa ya huo unaouita weupe ilivyo na giza.

Hatua ya 9: Mandharinyuma

Yawekwe kabla hujamaliza manyoya ya ukingo wa kichwa na masikio, si baadaye, ili nywele za nje zije juu yake. Tumia rangi mbili tatu zilizofifia, kwa vizunguko, bila kingo kali. Rangi mojawapo itoke usoni mwa mnyama. Kijani cha zeituni kilichotumika jichoni hufanya kazi hiyo vizuri. Wanaotumia kimiminika cha kuyeyushia rangi wakitumie hapa na si kwenye manyoya, madirisha yakiwa wazi, na tabaka likauke kabisa kabla ya kuendelea.

Hatua ya 10: Kukamilisha

Sasa unaweza kukandamiza, lakini kwa mara ya kwanza na ya mwisho: giza la mboni, matundu ya pua, na vivuli vizito vya chini ya kidevu. Masharubu yaliyofifia yakwangue taratibu kwa ncha ya wembe. Shina la kila sharubu lipate kivuli kidogo upande ulio mbali na mwanga. Kisha acha mchoro usiku kucha na uutazame asubuhi ukiwa umeugeuza juu chini. Makosa ya umbo hujitangaza yenyewe.

Mambo yanapokwenda mrama

*Rangi imekataa kushika.* Vibonde vimejaa. Bonyeza kifutio cha kufinyanga na ukinyanyue mara nyingi bila kusugua. Kisipotosha, kwangua sehemu hiyo kwa wembe uliolazwa, au pulizia dawa ya kuhifadhi michoro tabaka moja jembamba, ambayo ikikauka huirudishia karatasi ukwaruzo kidogo.

*Umetokea ukungu mweupe juu ya sehemu nyeusi.* Ni nta iliyopanda juu, na hutokea kwa penseli za nta zilizowekwa kwa wingi. Ufute kwa kitambaa laini bila kukandamiza, kisha pulizia dawa ya kuhifadhi kutoka umbali wa sentimita 30 hivi. Ukiisogeza karibu zaidi itatoa matone, na matone hayo hayana tiba.

*Mnyama anaonekana kengeza.* Pima kama nukta za mwanga ziko upande mmoja katika macho yote mawili. Mara nyingi tatizo liko hapo, si kwenye mboni.

*Manyoya yanafanana na majani makavu.* Mistari ni mizito na ncha ni butu. Pitisha krimu juu yake, kisha chonga na uongeze mistari myembamba katikati.

*Mchoro umepauka ingawa rangi ni sahihi.* Weka kipande cha karatasi nyeusi kando ya mboni. Ikiwa mboni inaonekana kijivu, bado hujafika kwenye giza, na chui mzima anakusubiri ushuke huko.

*Ncha zinavunjika kila unapochonga.* Huenda penseli ilianguka na kiini kimekatika ndani. Wakati mwingine ni kichongeo tu kilichochoka: jaribu kingine, na uzungushe penseli polepole badala ya kukisukuma. Kama bado inavunjika, iweke kando kwa ajili ya mandharinyuma, ambako ncha butu haina madhara.

*Rangi inahamia kwenye kioo cha fremu.* Mchoro umegusana na kioo. Weka ukingo wa kadibodi kati yake, na uutundike mahali ambapo jua haliupigi moja kwa moja.